Picha Haijisemi: Teknolojia, Lugha na Ufundishaji wa Historia ya Marekani katika Milima ya Usambara

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unajadili suala ambalo kwa mtazamo wa haraka huenda likaonekana ni la walimu wa historia peke yao, yaani namna ya kutumia sinema, redio, kanda za sauti na kompyuta kufundishia historia ya Marekani. Likitazamwa kutoka Lushoto, katika Milima ya Usambara, suala hilo linageuka mara moja kuwa suala la lugha. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma habari za watu wenye asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya huzisoma kwa Kiingereza. Akitoka darasani huzijadili na wenzake kwa Kiswahili. Akifika nyumbani Mlalo, Mtae au Bumbuli, humwamkia bibi yake kwa Kisambaa. Chombo chochote kinacholetwa darasani, kiwe projekta au kishikwambi, kinaingia katikati ya lugha hizo tatu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni kweli sokoni na njiani, ambako kila mtu anavijua anavyoviona. Mbele ya picha ya mambo ya kale ya nchi ya mbali, methali hiyo haitoshi. Mwenye macho ataona vumbi, ataona trekta, ataona watu wamepakia virago vyao garini. Lakini hataona sababu, wala hataona nani hakupigwa picha. Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba chombo hufundisha kwa maneno yanayoandamana na picha kuliko kwa picha yenyewe, na kwamba yule mwenye mamlaka juu ya maneno hayo ndiye mwalimu halisi. Hoja hii ina ushahidi wake hapa hapa Usambara, na ushahidi huo, kama tutakavyoona, wenyewe ni sehemu ya historia ya Marekani.

2.0 Jaribio la Vugiri, 1935–1937

Mwaka 1935, huko Vugiri, kwenye ukingo wa Usambara juu ya Korogwe, kilianzishwa kituo cha kutengeneza sinema. Kituo hicho kilikuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulieleza kuwa ni jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Mwasisi wa mradi alikuwa J. Merle Davis, Mmarekani aliyefanya kazi katika Baraza la Kimataifa la Misheni, na ambaye mwaka 1933 alitoa kitabu cha utafiti juu ya athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini katika maisha ya Waafrika. Fedha za mradi zilitoka hasa Carnegie Corporation ya New York. Utengenezaji wa filamu uliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge Afrika Mashariki, na upande wa elimu uliongozwa na G. C. Latham, aliyekuwa amesimamia elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa. Taarifa ya mabwana hao wawili, The African and the Cinema, ilichapishwa mwaka huo huo.

Fedha hizo za New York hazikuja peke yake. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya ufundi, afya na kilimo, kwa kufuata mfano wa vyuo vya Hampton na Tuskegee vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi baada ya utumwa kukomeshwa. Kwa hiyo sinema za Vugiri zilibeba wazo lililozaliwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, kwamba mtu mweusi afundishwe kwanza kazi na usafi. Wamarekani weusi wenyewe walikuwa wamekwisha kulijadili wazo hilo kwa ukali, na mabishano baina ya Booker T. Washington na W. E. B. Du Bois ndiyo yanayojulikana zaidi. Mjadala huo haukupanda mlima pamoja na projekta.

Mada za filamu zilidhihirisha wazo hilo: ugonjwa wa safura, malaria ya watoto, uuzaji wa kahawa na wa ngozi, mafunzo ya utunzaji wa mifugo, na faida ya kuweka akiba katika benki ya posta. Filamu zilipigwa katika kanda za milimita 16 zisizo na sauti. Maelezo yalirekodiwa katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo lililokusudiwa, na santuri ikapigwa sambamba na kanda. Lori lililobeba projekta lilizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, likateremka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Ufumbuzi huo wa kiufundi unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa kutenganisha picha na sauti, watu wa Vugiri waliwezesha kanda moja kusema lugha nyingi bila kupigwa upya. Udhaifu wake ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mtambo: kanda ikikatika na kuunganishwa, vipande vichache vya picha hupotea, nayo sauti huachana na picha. Wa pili ni mzito zaidi. Santuri haijibu swali. Mtazamaji aliyetaka kujua kwa nini bei ya kahawa ilipangwa vile ilivyopangwa, au kwa nini mshahara wenyewe haukutosha kuwekwa akiba, hakuwa na wa kumuuliza. Wasambaa na jirani zao walionekana ndani ya picha, na lugha zao zilisikika, lakini maneno yalipangwa na wengine. Lugha ilikuwa ya mtazamaji. Kauli haikuwa yake.

Hili ndilo somo la kwanza kwa mwalimu wa leo. Kutafsiri maelezo ni hatua ya lazima, ila haitoshi. Lazima pawepo mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu.

3.0 Redio na vikundi vya kusikiliza

Tanzania huru ililielewa jambo hili vizuri kuliko Vugiri. Mwaka 1971, nchi ilipokuwa ikiadhimisha miaka 10 ya Uhuru, iliendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima kwa redio iliyoitwa Wakati wa Furaha. Maudhui yake yalikuwa historia ya Tanzania na mafanikio ya muongo huo wa kwanza. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: kikundi kidogo kilikutana mbele ya redio moja, kikasikiliza kipindi, kiongozi aliyefunzwa akasoma kijitabu kilichoandaliwa, kisha wanakikundi wakajadiliana. Miaka miwili baadaye, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia utaratibu huo huo na kufikia takribani watu milioni mbili.

Tukilinganisha na Vugiri, tunaona kwamba chombo cha mwaka 1971 kilikuwa duni zaidi, kwa kuwa redio haina picha hata moja. Hata hivyo kilifundisha zaidi, kwa sababu nusu ya somo ilifanyika baada ya redio kuzimwa. Kampeni hizo zilikuwa na mipaka yake pia, maana dola ndiyo iliyochagua mada na mwelekeo. Pamoja na hayo, zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba historia kutoka studio hadi kijijini na kurudi katika kinywa cha msikilizaji kikiwa swali.

Tukiwa na uzoefu huo wa aina mbili, sasa tuangalie namna ambavyo historia ya Marekani ingeweza kufundishwa Lushoto. Nitaeleza masomo matatu. Yote yanatumia vifaa ambavyo shule inaweza kuvipata, na yote yanaanzia katika neno la Kiswahili au la Kisambaa.

4.0 Somo la kwanza: merikani

Kamusi zetu zinalo neno amerikani, au merikani, lenye maana ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Neno hilo ni hati ya kihistoria. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja. Meli za Salem zilileta vitambaa vya viwanda vya Massachusetts na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kikavuka bahari hadi Pangani, kikafuata njia ya misafara ya bonde la mto huo, kikapita Mazinde chini ya milima. Bara kikawa kama fedha: kilinunua pembe, kililipa wapagazi, kililipia njia, na katika masoko ya watu kilinunua watu.

Mwalimu anaweza kuanza kwa kuleta darasani kipande cha kitambaa cha namna hiyo, kisha kuuliza swali moja: pamba yake ilichumwa na nani? Jibu linawapeleka wanafunzi Mississippi, Alabama na Georgia, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Ramani itakayoonyeshwa ukutani kwa projekta, au katika vishikwambi, itachora mstari mmoja kutoka shamba la pamba la kusini ya Marekani hadi kiwanda cha kaskazini, hadi bandari ya Salem, Unguja, Pangani na Mazinde.

Baada ya ramani ifuate mistari miwili ya wakati, mmoja juu ya mwingine. Katika mstari wa juu, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vinaanza mwaka 1861, bandari za kusini zinafungwa na majeshi ya kaskazini, pamba inaadimika, merikani inapungua Unguja, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vinajaza pengo. Mwaka 1863 Rais Lincoln anatangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi, na mwaka 1865 rekebisho la 13 la katiba linaukomesha utumwa nchini kote. Katika mstari wa chini, mwaka 1862 anafariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi aliyetawala kutoka Vugha. Warithi wake wanagombana. Mwanawe Semboja, aliyejiimarisha Mazinde kwa bunduki za biashara ya misafara, anapigana na Shekulwavu wa Vugha, mjukuu wa mfalme. Wabondei wanaasi utawala wa Wakilindi. Na mateka wa vita hivyo wanauzwa pwani, ambako mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na ya miwa kandokando ya Pangani yalikuwa yanahitaji wafanyakazi.

Hivyo basi, katika miaka ile ile ambapo utumwa ulikuwa unakomeshwa Marekani, katika milima hii biashara ya watu ilikuwa inazidi. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa katika Tanganyika haikufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Mwanafunzi aliyeona mistari hiyo miwili pamoja hawezi tena kuichukulia historia ya Marekani kuwa ni hadithi ya watu wengine, wala historia ya kwao kuwa ni kisiwa.

Kiswahili kinaongeza jambo ambalo Kiingereza cha kitabu cha kiada hakiwezi kuliongeza kwa wepesi. Neno utumwa, kama pwani yetu ilivyolijua, lina tabaka nyingi: mateka, mtwana, mjakazi, mzalia, suria, na kibarua, ambaye asili yake ni mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku akiwa na kijibarua cha kuhesabia. Mtoto ambaye suria alimzaa na bwana wake, kwa sheria ya Kiislamu, alikuwa mtu huru. Katika majimbo ya watumwa ya Marekani, sheria iliamuru kinyume: mtoto alifuata hadhi ya mama, hata kama baba yake ndiye mwenye shamba. Ukilinganisha kanuni hizo mbili, umeeleza kiini cha utumwa wa Marekani, yaani utumwa uliofungwa na rangi na kurithishwa bila mwisho, kwa sentensi chache za Kiswahili. Tahadhari moja ni ya lazima. Mlinganisho huu usigeuzwe kuwa utetezi wa utumwa wa pwani. Mateka wa Usambara aliyeuzwa Pangani hakupata faraja yoyote kwa kuwa msamiati wa utumwa wake ulikuwa mpana.

5.0 Somo la pili: vumbi na matuta

Mwaka 1936, Vugiri ikiwa katikati ya kazi yake, shirika moja la serikali ya Marekani lilitoa filamu isiyozidi nusu saa, iliyotengenezwa na Pare Lorentz, yenye jina The Plow That Broke the Plains. Filamu hiyo inaeleza janga la dhoruba za vumbi katika majimbo ya Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na jirani zake. Nyasi za asili zilikuwa zimelimwa kwa kasi ili kupata ngano, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ambapo bei ilikuwa juu, bei ikaanguka, mvua ikakosekana, udongo uliobaki wazi ukachukuliwa na upepo. Mwaka 1935 serikali ilianzisha Idara ya Hifadhi ya Udongo chini ya Hugh Hammond Bennett, na familia nyingi zilihama kuelekea California.

Filamu hii inapatikana kwenye intaneti. Mwalimu wa Lushoto anaweza kuionyesha kwa namna ambayo Vugiri walikaribia kuigundua: azime sauti, kisha awaachie wanafunzi waandike na kusoma maelezo yao kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya kutafuta maneno ndiyo somo lenyewe. Nyanda zile za Marekani tuziite nini? Neno linalojitokeza kwanza ni nyika. Kwa Msambaa, nyika ni kinyume cha milima yake. Ni nchi kame ya chini, ya joto na maradhi, ambayo mtu huipita bila kutamani kukaa. Kwa mlowezi wa Marekani, nchi hiyo ilikuwa ahadi ya utajiri. Mwanafunzi akigundua kwamba neno moja linabeba hofu upande mmoja na tamaa upande wa pili, amekwisha kuuliza swali la kihistoria: ni nani aliyeitamani nchi ile, na waliokuwa wakiishi humo walikuwa na neno gani? Hapo atagundua pengo la filamu yenyewe, kwani inawapitia haraka mno wenyeji wa asili waliofukuzwa pamoja na nyati wao.

Kisha somo lirudi nyumbani. Habari za vumbi la Marekani zilisomwa na maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki, nao wakaingiwa na hofu ya mmomonyoko. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, ulianzishwa Mlalo mpango wa hifadhi ya udongo, ambao baadaye ulienezwa Usambara nzima. Wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta katika miteremko, na wasiotii waliadhibiwa. Kazi hiyo ya jembe la mkono iliwaangukia sana wanawake. Watu waliipinga, upinzani wao ukakutana na siasa za TANU, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960 na kuchapisha The Shambaa Kingdom mwaka 1974 na Peasant Intellectuals mwaka 1990, ameonyesha kwamba wakulima waliyajadili mambo hayo kwa dhana zao za Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwa dhana hizo mvua, rutuba na utawala ni jambo moja, kwa kuwa nchi huharibika pale mamlaka yanapoharibika. Mwanafunzi mwenye dhana hizo mbili anaweza kuirudia filamu ya Lorentz na kuuliza kwa haki kabisa: Marekani ya miaka ya 1930, nani aliibana nchi? Je, ni mkulima, ni mwenye trekta, ni benki, au ni bei ya ngano? Hapa lugha ndogo ya milimani imekuwa chombo cha kuchambulia historia ya taifa kubwa, jambo ambalo wengi hudhani haliwezekani.

6.0 Somo la tatu: sauti za waliokuwa watumwa

Kati ya mwaka 1936 na 1938, waandishi walioajiriwa na mradi wa serikali ya Marekani ulioitwa Federal Writers' Project walikusanya masimulizi zaidi ya 2,300 ya wazee waliowahi kuwa watumwa. Masimulizi hayo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na leo yanasomeka kwenye intaneti pamoja na picha za baadhi ya wasimuliaji. Kwa mwalimu wa historia ni hazina. Kwa mwanaisimu ni mtihani.

Wahojaji wengi walikuwa wazungu, na wazee waliohojiwa waliishi chini ya ubaguzi wa wazi. Baadhi yao walipima kwa uangalifu la kusema na la kuficha. Aidha, wahojaji waliandika matamshi ya wazee kwa tahajia iliyopindwa, na mara nyingi tahajia hiyo inatuonyesha zaidi dharau ya mwandishi kuliko lafudhi ya msemaji. Tukitaka kuyasoma masimulizi hayo kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi, tutumie Kiswahili gani? Tukichagua Kiswahili kibovu cha mzaha, tutaihamishia dharau ile katika lugha yetu. Tukichagua Kiswahili cha hotuba za kiserikali, tutamnyang'anya mzee sauti yake. Pendekezo langu ni Kiswahili cha mazungumzo ya wazee, sahihi na chepesi, chenye mdundo wa masimulizi ya barazani. Wanafunzi wajaribu tafsiri zaidi ya moja, wazirekodi katika simu, kisha wazisikilize na kuamua ni ipi inayomheshimu msimuliaji. Zoezi hili litawafundisha jambo ambalo kila mwanahistoria analihitaji: kwamba kati ya tukio na msomaji kuna mtu aliyeshika kalamu.

7.0 Lugha ya kufundishia na hali ya leo

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, huku sekondari ikibaki na Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote, lakini utekelezaji wake ulisuasua. Kutokana na mabadiliko ya mitaala ya mwaka 2023, somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilianza kufundishwa kwa Kiswahili katika sekondari mwaka 2024. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini imeleta hali ya kutafakari: historia ya nyumbani inafundishwa kwa lugha inayoeleweka, na historia ya dunia, ikiwemo ya Marekani, inafundishwa kwa lugha ambayo wanafunzi wengi bado wanapambana nayo. Hatari iliyopo ni mwanafunzi kuzoea kwamba mambo ya kwao hufikiriwa, na mambo ya dunia hukaririwa.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa historia ya nchi za mbali. Usambara inajibu dai hilo vizuri. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na kitabu hicho kilianza kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19 na mtambo wa misheni ya Magila, kikatolewa upya mwaka 1962. Mwandishi huyo alieleza asili ya dola, urithi, uasi na diplomasia bila kuazima istilahi kutoka chuo chochote. Maneno katiba, shirikisho, jimbo, bunge, uasi, mateka, ubepari na mdororo wa uchumi yapo na yanatumika. Yanayopungua yanaweza kuundwa, kama BAKITA na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilivyofanya kwa nyanja nyingine.

Kwa upande wa vifaa, hali si ile ya lori na jenereta. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika zoezi hilo viligawiwa kwa walimu, na simu zimeenea hadi vijiji vya juu kabisa. Wingi huo una mtego wake. Video ya historia ya Marekani inayopakuliwa leo huja picha na sauti zikiwa zimefungamana, kwa Kiingereza cha kasi, na mwalimu aliyechoka hushawishika kuiacha ijisemee. Kwa maana hiyo, tukizembea tutakuwa nyuma ya santuri za Vugiri, ambazo angalau zilizungumza Kiswahili.

8.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu yanayoweza kufanywa na idara za Kiswahili na za historia kwa kushirikiana. Kwanza, iandaliwe faharasa ndogo ya istilahi za historia ya Marekani kwa Kiswahili, yenye maelezo ya historia ya kila neno, ikianza na merikani. Pili, wanafunzi wa vyuo waandike maelezo ya Kiswahili kwa filamu na picha ambazo hazibanwi na hakimiliki, wayarekodi, na wayaweke mikononi mwa shule kama sauti zilizotengana na picha, ili mwalimu aweze kuzisimamisha kila swali linapoulizwa. Tatu, wazee wa Usambara waliobaki na kumbukumbu za matuta warekodiwe kwa Kisambaa na Kiswahili, nao wahojiwe kwa heshima na kwa kutajwa kama wao wenyewe wanavyotaka, ili siku moja mwanafunzi wa Oklahoma apate naye kujifunza kutoka Mlalo.

Mapendekezo haya hayahitaji mtambo mpya. Yanahitaji saa za kazi za watu wanaokijua Kiswahili vizuri, na walimu watakaoruhusiwa kukitumia mbele ya projekta bila kuonekana wamevunja kanuni. Kanuni hiyo ndiyo inayopaswa kuanza kujadiliwa.